Kosa la Mwenye Kilema: Tumuhukumu Namna Gani?

Ndugu wasomaji, katika kurasa hizi tumezoea kusoma juu ya mahari, kilio, majina ya watoto na heshima ya wakwe. Hii mara tunaomba ruhusa ya kugusa jambo ambalo watu wanalisema kwa sauti ndogo. Mutu mwenye kilema cha mwili ao cha akili, siku anapofanya kosa, inaomba kumufanya nini? Kumufunga kama wengine? Kumusamehe tu? Kumupeleka kwa muganga? Ao kumurudisha kwa jamaa yake na kunyamaza?

Sisi ni mwalimu wa sekondari, si juji wala muganga. Lakini kazi ya mwalimu ni kupima watu kila siku, na mutu anayepima anaweza kukosea. Tunaandika kwa sababu tuliona jambo moja kwa macho, na tangu siku ile swali hili halitupe usingizi.

Kisa cha waya za mukuba

Hapa Likasi kila mutu anajua bei ya mukuba, hata mutoto. Miaka kadhaa imepita, katika avenyu yetu kulikuwa kijana wa miaka 22. Mwili wake ulikuwa wa mwanaume, lakini akili yake ilibakia ya mutoto wa miaka 7 ao 8. Alikuwa anasalimia kila mupita njia, anachotea wamama maji, na marafiki wake wote walikuwa watoto wa shule ya musingi.

Usiku mumoja vijana watatu waliingia katika yadi ya mufanya-biashara, wakakata waya za mukuba. Walimuita yule kijana abebe muzigo. Mulinzi alipopiga filimbi, wao walikimbia, wakamuambia: "Wewe ngoja apa." Basi alingoja. Asubuhi watu walimukuta anaikala juu ya ule muzigo, analinda, kama alivyoagizwa.

Munajua kinachofuata. "Mwizi! Mumuchome!" Mutu mumoja alikuwa tayari anaviringisha pine ya gari. Nkambo yake, muzee mwanamuke mwenye kutembea na fimbo, alijitupa juu yake na kulia: "Mukimuchoma, munichome na miye! Huyu mutoto hajue ata kuhesabia feza, mukuba atauuzisha wapi?" Pale watu walisita kidogo, na polisi wakafika.

Tulipofika kwenye kituo pamoja na mujomba wake, tulikuta maulizo yamekwisha kuandikwa. Ni wewe uliiba? "Ndiyo, papa." Uliiba na siku ingine? "Ndiyo, papa." Uko na kundi? "Ndiyo, papa." Na chini ya karatasi, alama ya kidole chake. Tuliomba ruhusa ya kuuliza neno moja tu. Tukamuuliza: "Usine ya Shituru, ni wewe uliijenga?" Kijana alifikiri kidogo, akacheka kwa furaha: "Ndiyo, papa." Usine ile inasimama tangu wakati wa Wabelgiji. Yule polisi aliyekuwa anaandika alicheka naye, kisha akaweka kalamu chini na kuangalia karatasi yake kwa muda murefu.

Ndugu, ile "ndiyo" haikuwa jibu. Ilikuwa heshima. Sisi wenyewe tunawafundisha watoto kumujibu mukubwa "ndiyo", na yeye ndiye aliyeshika lile fundisho kuliko wote. Karibu limupeleke gerezani.

Kosa letu sisi wenyewe

Tusimucheke yule polisi. Katika miaka yetu ya kwanza ya kufundisha, tulikuwa na mwanafunzi mumoja ambaye tukimuita jina, hageuke. Tukimuuliza, anaangalia dirisha. Tulisema: huyu ana kiburi. Tulimupigisha magoti mbele ya wenzake, si mara moja wala mbili. Nusu ya mwaka ilipita mbele ya mama yake kuja kutuambia kwamba tangu augue surua, masikio yake yalitoka usaha, na la kushoto halisikie tena. Naye alikuwa anaikala karibu na dirisha, sikio la kushoto kwetu.

Tulikuwa na diploma ya pedagojia katika sanduku. Tulijua maneno yote ya vitabu juu ya tofauti za watoto. Hata hivyo tulimuhukumu mbele ya kumupima. Mwanzo wa hili shauri ni pale: kupima kunatangulia, hukumu inafuata. Ukigeuza, hata haki inakuwa zulumu.

Vilema havifanani

Watu wanasema "bilema" na kuweka wote katika kikapu kimoja. Hapana. Kipofu, ao mutu asiye na miguu, akili yake ni nzima. Akiiba, anajua ameiba. Kumuambia "wewe si kitu, enda" ni kumutukana. Kiziwi na bubu naye anajua mema na mabaya, lakini hawezi kujitetea kama hakuna mutu wa kutafsiri ishara zake. Mwenye wazimu, ugonjwa wake unakuja na kuondoka: leo hajitambue, mwezi kesho anaongea vizuri kukupita. Mwenye kifafa anaweza kupiga mutu katika shituko bila kujua. Na mwenye akili pungufu, kama kijana wetu, hapone wala hazidi kuharibika. Anajua mambo fulani, mengine hayajue kamwe.

Kwa hiyo swali "mwenye kilema ana kosa ao hana?" halina jibu. Inaomba kuuliza: kilema gani, kosa gani, na siku ile alikuwa katika hali gani?

Wazee wetu walifanya nini?

Ni kitabu cha desturi, basi tuwaulize wazee. Katika vijiji vya eneo letu hili la Basanga na majirani wao, kosa halikuwa mali ya mutu mumoja. Mwenye wazimu akichoma gala la jirani, hawakumuita yeye kwanza. Waliita ukoo wake, na zaidi mujomba. Swali la baraza halikuwa "apigwe fimbo ngapi?" Lilikuwa "nani alikuwa na kazi ya kumuangalia?" Ukoo ulilipa: kuku, mbuzi, jembe, ao siku za kulima. Kisha ukoo huohuo ulipewa agizo: mumuchunge, mumutafutie dawa. Ile ilikuwa hekima. Aliyeharibiwa alipata kitu chake, mugonjwa hakuuawa, na wazima walijifunza kwamba mugonjwa ni muzigo wa wote.

Padri Placide Tempels, katika kitabu chake juu ya filozofia ya Bantu kilichotoka Elisabethville mwaka 1945, aliona jambo kama hilo kwa Baluba. Alieleza kwamba wanapambanua mutu anayeharibu uzima wa wengine kwa moyo mubaya wa makusudi, mutu aliyesukumwa na hasira, na mutu anayeleta mabaya bila kujua wala kutaka. Watu wengi wamemubishia Tempels, na wako na haki katika mengi. Lakini hapa anatukumbusha kwamba mababu hawakungojea muzungu awafundishe kutofautisha kosa la kujua na kosa la kutojua.

Tusidanganyane lakini. Desturi ilikuwa na upande wa giza. Mutoto aliyeanza kuota meno ya juu alionekana mukosi, na fasi zingine hakuachwa aishi. Mwenye kifafa ao nundu alionewa kuwa mulozi, akanyweshwa mwavi. Mwenye wazimu alifungwa muguu katika gogo la muti, mwaka baada ya mwaka, na hiyo waliita kumuchunga. Na leo? Gogo limebakia, limebadilisha jina tu. Tumeona wagonjwa wamefungwa munyororo katika nyumba za maombi, wanafungishwa chakula ili pepo atoke. Na watoto wenye kilema wanaitwa walozi, hata kama sheria ya tarehe 10/1/2009 ya kulinda mutoto inakataza kumushitaki mutoto ulozi. Mutu anayesema "turudilie desturi" aseme kwanza desturi gani.

Sheria inasema nini?

Kode penale yetu ni ya tarehe 30/1/1940. Kwa miaka mingi haikuwa na neno juu ya mwenye wazimu. Majuji walimuachilia kwa kufuata kanuni za kawaida za haki, si kwa kusoma kifungu. Sheria ya tarehe 31/12/2015 ndiyo iliyoingiza ndani ya kode mambo ya Mapatano ya Roma, ambayo Kongo iliyakubali mwaka 2002. Mapatano hayo, katika kifungu cha 31, yanasema kwamba mutu hahesabiwe hatia kama wakati wa tendo alikuwa na ugonjwa ao upungufu wa akili uliomuondolea uwezo wa kuelewa kwamba tendo lile ni baya, ao uwezo wa kujizuia.

Tuangalie vizuri: sheria haiseme "mwenye ugonjwa hana hatia". Inauliza kama ugonjwa ulimuondolea uwezo, na kama ilikuwa saa ileile. Mwaka 2021, kule La Haye, majuji walimuhukumu Dominic Ongwen wa Uganda, mumoja wa wakubwa wa kundi la LRA, kundi ambalo lilitesa na ndugu zetu wa Uele. Watetezi wake walisema alikuwa na ugonjwa wa akili, kwa sababu alitekwa porini akiwa mutoto. Waganga wa pande zote mbili walisikilizwa. Majuji walikataa: walisema ugonjwa wa namna ile haukuonekana wakati wa matendo yake. Lakini walipopima azabu, walihesabu utoto wake ulioibiwa, wakamupa miaka 25. Basi kupima kuna milango miwili: mulango wa hatia, na mulango wa uzito wa azabu. Aliyefungiwa wa kwanza anaweza bado kusikilizwa kwenye wa pili.

Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 18, inasema kila mutu aliyekamatwa aambiwe mara moja sababu ya kukamatwa, katika luga anayoelewa. Tunafikiri watu wanasoma maneno yale na kuwaza Kifaransa, Kiswahili, Kiluba. Lakini kiziwi luga yake ni mikono. Na kijana wetu wa waya, luga yake ni maneno mafupi, polepole, mbele ya mutu anayemujua. Kongo ilikubali mapatano ya dunia juu ya haki za watu wenye kilema mwaka 2015, na tarehe 3/5/2022 ilitoa sheria yake yenyewe juu yao. Karatasi ziko. Kutoka karatasi mpaka kasho ya komini, njia ni ndefu.

Na kuna tundu moja ambalo sisi walimu tunaliona. Sheria ya mwaka 2009 inasema mutoto chini ya miaka 14 hahesabiwe hatia hata kidogo. Sababu? Akili yake bado. Sasa mutu wa miaka 22 mwenye akili ya miaka 8? Kalenda inasema mukubwa, akili inasema mutoto. Kule darasani hatumuweke mwanafunzi katika mwaka wa sita kwa sababu ya ndevu. Kwa nini kwenye buloko tuhesabu ndevu?

Zambi mbili

Katika shauri hili tunaona zambi mbili, na mara nyingi mutu anakimbia moja na kuangukia ingine.

Ya kwanza ni kumuhukumu asiyeelewa kama muelewa. Azabu ni neno ambalo jamii inamuambia mukosaji: "Ulijua, ukafanya, usirudilie." Kama asikii lile neno, kinachobakia ni maumivu tu. Hata mbwa akipigwa bila kujua sababu anakuwa mukali, hawe mwema.

Ya pili ni huruma ya uongo: "Mumuache, ni kilema." Huruma ile inaonekana nzuri, lakini inasema kwamba yule si mutu kamili, matendo yake hayana uzito, kama mvua ao upepo. Na wajanja wanaifurahia. Kule Kinshasa, kwenye Beach Ngobila, watu wenye kilema walipunguziwa bei ya kuvuka mupaka kwenda Brazzaville, wapate kuishi. Ilikuwa jambo jema. Lakini wafanya-biashara wazima wakaanza kupitisha mali yao katika vigari vya wale, ili wakwepe ushuru. Ni sawa na waya zetu za mukuba: wazima wanajificha nyuma ya kilema. Ukimuachilia tu yule uliyemukamata na kwenda kulala, aliyemutuma atamutuma tena.

Mutu atatubishia: "Mwalimu, unaongea vizuri, lakini mali yangu? Mutoto wangu aliyekufa? Muuaji akiwa na wazimu, kaburi linapungua?" Swali hili ni zito, na hatutalijibu kwa haraka. Hapana, kaburi halipungue. Muzazi yule ana haki ya kusikilizwa mbele ya watu, ana haki ya malipo, na zaidi ana haki ya kuhakikishiwa kwamba jambo lile halitarudilia kwa mutoto mwingine. Lakini hana haki ya kuumiza mutu asiyejua anaumizwa juu ya nini. Kisasi juu ya asiyeelewa hakimufariji mutu. Tunawajua waliofanya, na hawapendi kuongea juu ya siku ile.

Kutunza si kufungia

Tukisema "asifungwe, atunzwe", kazi haijaisha. Kutunza kunaweza kuwa gereza bila tarehe ya kutoka. Nchini Uganda mutu mumoja alimuua mutoto wake mwenyewe katika wazimu, kwa kuwa aliona nyoka fasi ya mutoto. Mahakama ilisema hana hatia kwa sababu ya ugonjwa. Hata hivyo alibakia gerezani miaka mingi, akingojea agizo la waziri, hata baada ya kupona. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamuru afunguliwe. Muone ajabu hii: kama angekuwa na hatia, angejua siku yake ya kutoka.

Tanzania, kule Dodoma, hospitali ya Mirembe ina fasi maalum, Isanga, kwa wagonjwa wa akili waliofanya makosa. Kwetu, Lubumbashi kuna kituo cha wagonjwa wa akili chenye jina la Joseph Guislain, cha shirika la Frères de la Charité. Bukavu kuna SOSAME ya shirika lilelile. Guislain alikuwa muganga wa Gent, Ubelgiji, katika karne ya 19, aliyepigania wagonjwa wasifungwe munyororo. Ni jina jema kwa nchi ambayo munyororo bado uko. Lakini kutoka Likasi mpaka Lubumbashi ni kilometa karibu 120, na jamaa ambayo haina feza ya usafiri na dawa inarudilia kamba.

Na mwenye akili pungufu haombi dawa. Anaomba mafundisho: maneno machache, yaleyale, kila siku, na mutu wa kumuongoza. Ile ni kazi ya mwalimu na ya jamaa kuliko ya muganga.

Tufanye nini hapa Likasi?

Tunatoa maulizo manne, ya kuwekwa mbele ya kila baraza, shefu wa kartie ao polisi, siku mwenye kilema anapokamatwa. Hayaombi feza.

Kwanza: anaelewa maneno tunayomuuliza? Umuulize jambo la uongo kabisa, kama lile la usine. Akijibu "ndiyo", usiandike kitu mpaka mutu anayemujua afike. Pili: saa ile ya tendo, alijua ni kosa, na aliweza kujizuia? Hapa muganga asemwe, si majirani peke yao. Tatu: nani yuko nyuma yake? Waya haziuzike zenyewe. Ine: nani atamuangalia kesho, na aliyeharibiwa atapata nini? Mambo madogo, ukoo unaweza kuyamaliza mbele ya shefu. Lakini mauaji na kunajisi si mambo ya kuku na mbuzi. Hayo yaende kwa juji, hata kama mukosaji ana kilema, na zaidi kama aliyekosewa ndiye mwenye kilema.

Kijana wetu alitoka kisha siku mbili. Mujomba wake aliikala na mwenye yadi. Walipatana jamaa ilipe kufuli na ukuta uliovunjwa. Na yeye mwenyewe alipewa kazi: Siku ya Posho sita, kufagia ile yadi, mujomba akiwa pembeni. Watu wengine walisema ni kumuonea. Sisi tulikubali. Siku ya kwanza mujomba alimuonyesha waya na kumuambia: "Hii ya wenyewe. Hapana kubeba." Alimuambia vile kila Posho. Siku ya sita, kijana alipiga magoti mbele ya mwenye yadi, akapiga makofi kama desturi yetu ya kuomba pole, na kusema yeye mwenyewe, bila kuambiwa: "Ya wenyewe. Hapana kubeba."

Ile ndiyo azabu tunayoiomba: aliielewa. Hakuchomwa kama mwizi, wala hakuachwa kama upepo. Alijibu kwa kosa lake, kwa kipimo cha akili yake, kama mutu.

Wale watatu waliomutuma hawakukamatwa. Wako wazima wa miguu, wa macho na wa akili. Tukikutana barabarani tunasalimiana, kwa sababu hakuna ushuhuda, na ule mumoja tuliye naye anajibu "ndiyo" kwa kila jina. Jambo lile bado linatuuma. Ndugu wasomaji, siku nyingine mukisikia kelele ya "mwizi", na mukakuta aliyekamatwa ni mutu asiyeweza kukimbia, ao kusema, ao kufikiri, muulize kwanza mbele ya kuokota jiwe: waliokimbia ni wanani?